Lami ya Ijumaa

Léontine Lhuissier alikuwa na ugomvi na kila mtu aliyesema gereji si kazi ya mwanamke, na kwa kuwa kijiji kizima cha Vaubrun kilisema hivyo, aligombana na kijiji kizima. Ugomvi wenyewe haukumkondesha hata kidogo. Alikuwa mpana wa mabega, mwenye sauti iliyotoka kwenye pampu ya petroli ikafika kanisani bila kuchoka, na dereva aliyethubutu kumuuliza fundi yuko wapi aliondoka na jibu ambalo hakwenda kulisimulia nyumbani.

Gereji hiyo aliachiwa na mumewe, Raoul. Miaka michache baada ya vita, lori la kampuni ya Kessler, watengenezaji magari wa Ujerumani, lilizimika mbele ya geti lao likiwa njiani kwenda Le Mans kwenye mbio za saa ishirini na nne. Siku hizo kusikia Kijerumani tu kulitosha kumfanya mtu afunge dirisha, na madirisha mengi ya Vaubrun yalifungwa. Raoul akafungua banda kubwa la nyuma, akawaambia, "Ingizeni ndani bwana, mvua inakuja." Basi wakazoea. Kila Juni walirudi, wakaligeuza banda hilo karakana yao kwa wiki ya mbio, wakalala vyumba vya juu, wakala mezani kwa Léontine na kumharibia mashuka kwa grisi.

Kwetu magari ya mbio hayakubebwa kwenye malori kwenda kiwanjani. Mafundi waliyawasha bandani, wakayaendesha barabarani kama watu wanaokwenda dukani, wakapita mbele ya kanisa, wakapishana na gari la mkate, wakasimama ng'ombe wa mtu wavuke. Mbio zikiisha, gari lililobaki zima lilirudi kwa njia hiyohiyo. Jumamosi asubuhi watu walitoa viti nje. Padri Gildas alisimama kwenye ngazi za kanisa na maji yake ya baraka, ingawa Wajerumani wale wengi walikuwa Waprotestanti na yeye alilijua hilo. Vijiji jirani vina makasri na vinu vya zamani. Sisi tulikuwa na dakika mbili za kishindo kilichotikisa vikombe kabatini, na hatukumwonea mtu wivu.

Raoul alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, kila mtu alingoja mjane auze. Aliyengoja kwa hamu kuliko wote ni shemeji yake, Anselme, mfugaji wa nguruwe, ambaye nusu ya lile banda ilikuwa haki yake kwa urithi wa baba yao. Lakini Anselme alikuwa amempa kaka yake ahadi pale kitandani: madhali Wajerumani wanakuja, banda ni la magari. Siku wakiacha kuja, anachukua chake, aweke chakula cha nguruwe. Bila banda, gereji ingebaki pampu moja na shimo la kubadilishia oili, na Léontine, aliyezoea kushusha injini kwa mikono yake, angebaki kuziba pancha za baiskeli. Alilijua hilo vizuri. Anselme naye alilijua, na kila mwaka mwezi wa Mei alipita kumsalimu huku akilitazama paa.

"Wamesema wanakuja, shemeji?"

"Wanakuja."

"Ah. Basi vizuri," alijibu, kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino.

Mwaka wenyewe wa mkasa huu, katikati ya miaka ya sabini, joto lilianza mapema na halikuwa na adabu. Alois Wimmer, fundi mkuu wa Kessler, alishuka kwenye lori bila kumbusu mwenyeji wake mashavuni na bila kuulizia rileti, ile nyama ya nguruwe iliyopikwa kwenye mafuta yake mpaka ikachambuka, ambayo kila mwaka alianza kuiota tangu Pasaka.

"Alois, nani kafa?"

"Hajafa bado, Mama Lhuissier." Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikuwa ameokoteza miaka mingi na kapu lilikuwa limejaa. "Safari hii bosi anakuja. Daktari Lindacher, wa vitabu si wa sindano, wa makao makuu. Jumapili mbio zikiisha anasimama mbele ya waandishi wa habari, anasema Kessler inaacha mbio. Basi. Yameisha."

"Hata mkishinda?"

"Hata tukishinda."

Léontine alikwenda jikoni akakata mkate kwa nguvu ambayo mkate hauihitaji.

Daktari Lindacher alikuja kula Jumatano mchana. Alikuwa mrefu, mstaarabu, wa suti nyepesi, na mikono yake haikujua ikae wapi juu ya meza ya jikoni. Léontine alikuwa amejiandaa kumchukia, akaudhika kuona hachukiziki. Alimsifia kuku, akauliza habari za Raoul, na alipoulizwa waziwazi kwa nini anataka kuwamwagia watu unga wao, alijibu waziwazi.

"Mama, tukishinda, magazeti yanatuandika siku moja. Tukishindwa, watu wanakumbuka miaka. Wenye hisa wananiuliza, fedha hizi zingetengeneza nini? Breki bora kwa magari ya watu wa kawaida, mikanda, taa. Niwajibu nini?"

"Wajibu kwamba hizo breki mlizijulia hapa."

"Zamani, ndiyo. Sasa tuna uwanja wetu wa majaribio. Gari linazunguka usiku na mchana, hakuna watazamaji, hakuna tope. Yote tunayojifunza hapa tunaweza kujifunza kule."

Anselme, aliyejikaribisha mwenyewe chakulani, akapiga meza. "Hapo umenena, daktari! Waende zao hawa wenye viwanda! Zamani mtu alikuja na gari lake, fundi ni shemeji yake, mpishi ni mke wake, wakashindana kiume. Wakaja wakubwa na malori yao, wadogo wakakimbia. Halafu wakubwa nao wakishashinda, wakishashiba, wanaondoka, wanatuachia uwanja mtupu. Bora waende mapema tujue moja."

"Wewe unataka banda," alisema Léontine.

"Nataka banda, ndiyo. Kwani nikitaka banda ndiyo nimesema uongo?"

Hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomkera Léontine. Alishawaona wengi wakija na kuondoka, wengine bila hata kumuaga aliyewafulia mashuka. Akaweka uma chini, akamgeukia mgeni.

"Nisikilize, daktari. Mdogo anakuja kwa sababu mkubwa yupo. Nani atauza shamba lake aje kumshinda shemeji yake? Anakuja amshinde Kessler. Hajamshinda, lakini kila mwaka anakuja, kichwa kigumu kama nini. Na nyie mnakuja kwa sababu kule kwenu hakuna wa kuwashinda. Kwenye huo uwanja wenu mnashindana na nani? Na saa ya ukutani?"

Alois akacheka, kisha akakumbuka bosi yupo, akainamia sahani. Lindacher naye akatabasamu, akakunja kitambaa chake vizuri.

"Mama, ungekuwa kwenye bodi yetu ningeogopa vikao. Lakini uamuzi umekaribia sana. Na nikwambie kitu, hata barabara yenu haitutaki. Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya gari letu, pale mbele ya kanisa likakwaruza tumbo kwenye shimo. Ule mlio niliusikia kwenye meno."

Alisema kwa mzaha. Watu wote pale mezani walijua ni mzaha, isipokuwa mwenye nyumba.

Hata vyombo hakuviosha. Alivua aproni akaenda moja kwa moja kumtafuta Fulgence Bellanger, aliyeajiriwa na kijiji kutunza barabara, akamkuta anafyeka majani mtaroni.

"Fulgence, lile shimo mbele ya kanisa."

"Lile? Lile lilinibatiza mimi kwa tope nikiwa mtoto. Lina nini?"

"Nataka lizibwe. Lile na mengine yote, kutoka getini kwangu mpaka njia kuu. Lami mpya, kokoto juu. Ijumaa."

Fulgence alimtazama, akalitazama jua, akamtazama tena. "Mama, na joto hili? Lami inataka kutulia. Inataka kushindiliwa, inataka wiki nzima ya magari ya polepole. Ukiimwaga Ijumaa, Jumamosi bado ni uji."

"Watapita polepole."

"Gari la mbio lipite polepole?"

"Fulgence, sikiliza. Juni ijayo unataka utoe kiti chako nje utazame nini? Nguruwe wa Anselme?"

Fulgence akafuta jasho kwa kofia. "Nitahitaji watu," akasema.

Alipata watu kuliko aliowahitaji. Ijumaa ya wiki ya mbio magari hayaendi kiwanjani. Mafundi walijifungia bandani kubadilisha injini, redio juu, na hawakujua nini kinaendelea nje. Ilikuwa iwe zawadi ya kushtukiza, kwa hiyo hata wambea walifunga midomo, jambo ambalo Vaubrun halijaonekana tena. Walikuja na koleo, na mikokoteni, na mafagio ya nyumbani. Padri Gildas alikunja mikono ya kanzu. Anselme alipita na baiskeli yake, akasema "Mtajuta," akaenda zake, akaonekana mtu wa roho mbaya tu. Jioni barabara ililala nyeusi, laini, imemwagiwa kokoto juu yake, na Léontine alisimama getini akiitazama kama mtu aliyemaliza kutandika kitanda cha wageni.

Sasa, hakuna mtu katika nchi hii ambaye hajawahi kuanguka na baiskeli kwenye kokoto mbichi. Kila kiangazi zinamwagwa mahali fulani, na kila kiangazi tunachubuka magoti na kutukana. Tulijua. Tulijua wote, na bado tulifanya, kwa sababu tuliwapenda wale Wajerumani na tuliona haya kuwaambia.

Jumamosi jua lilitoka limekasirika. Viti vilitolewa nje, makopo ya maua yakapangwa madirishani, na padri akapanda ngazi zake. Magari mawili meupe yalitoka getini kwa Léontine, Alois mwenyewe akiendesha la mbele, na Daktari Lindacher akifuata kwa nyuma na gari lake la kawaida. Alois alipoiona ile barabara, laini hivyo, bila shimo hata moja, akaelewa ni zawadi. Moyo ukamjaa, akashukuru kwa njia pekee anayoijua fundi. Akakanyaga mafuta.

Tairi zile pana zikaifumua barabara. Kokoto zenye lami ziliruka kama bisi kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Kioo cha duka la mikate kilipasuka. Padri Gildas, aliyekuwa ameinua mkono kubariki, alibaki na madoa meusi kuanzia kidevuni mpaka magotini, mkono bado juu. Gari la mbele lilijipaka lenyewe, na la nyuma likapokea yote usoni. Kisha kishindo kikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu Raoul afungue banda, magari ya Kessler yalisimama mbele ya kanisa yakiwa kimya, weupe wake umegeuka weusi, matundu ya hewa yameziba. Jiwe lilikuwa limejichomeka kwenye rejeta ya oili ya gari la nyuma, na oili inadondoka juu ya lami ya Fulgence.

Lindacher alishuka, akainua mguu, na barabara ikainuka nao.

Léontine angeweza kukaa kimya. Barabara ni ya kijiji, na Fulgence ndiye aliyeshika koleo. Lakini alitembea mpaka pale, lami ikamvua kiatu kimoja njiani, akaendelea na soksi.

"Ni mimi," alisema. "Ulisema barabara yetu haiwataki. Nilitaka iwatake."

Lindacher alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye ile soksi. Banda limekwenda, Léontine alijiambia, na nimelipeleka mwenyewe kwa mikono yangu. Alois alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, anachukua tambara na kopo la petroli.

"We! Weka chini hiyo!"

Ilikuwa sauti ya Anselme. Alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa akicheka mpaka machozi, na sasa alikuja mbiombio, amekunja uso. "Petroli? Unataka kung'oa rangi? Mjinga gani anatoa lami kwa petroli! Mafuta ya nguruwe, bwana! Unapaka, unaacha yalainike, unafuta. Mimi matrekta yangu nayasafishaje kila kiangazi?"

"Anselme," alisema Léontine, "si unataka banda?"

"Nalitaka! Lakini sitaki kusemwa nililipata kwa uji wa Fulgence. Nisubirini hapa."

Alirudi na madebe. Na hapo, mabibi na mabwana, ndipo Vaubrun ilipojionyesha. Wanawake walivua aproni wakazigeuza matambara. Watu waliokuwa hawajasalimiana tangu harusi fulani walijikuta upande mmoja wa boneti, viwiko vinagusana, wakipaka mafuta ya nguruwe kwenye gari la mbio kama wanaomkanda mtoto mchanga. Lami ililegea na kufutika. Léontine alikuwa tayari mgongo chini, nusu yake chini ya gari la nyuma, akifungua ile rejeta iliyotoboka huku Alois akifunga mpya upande wa pili, wakipeana spana bila kutazamana, kama walivyozoea. Alipotoa kichwa alimwona mkurugenzi wa Kessler amesimama palepale, mikono nyuma.

"Umesimama kama nguzo ya umeme! Shika bakuli hili!"

Daktari Lindacher akashika bakuli. Mafuta yalimfika kwenye vifungo vya mikono ya shati. Baadaye kidogo Léontine alimsikia akimuuliza Alois kwa sauti ya chini, "Wimmer, jambo kama hili lingeweza kutokea kwenye uwanja wetu?"

"Kwenye uwanja wetu, daktari, kuna mtu anafagia kila asubuhi."

Lindacher aliendelea kushika bakuli, akilitazama lile jiwe walilolichomoa kwenye rejeta.

Alois hakuridhika. Mawe mengine, alisema, yamenata ndani ya matao ya tairi mahali ambapo mkono haufiki. Yakija kubanduka kwa mwendo wa mbio yataingia tena kwenye matundu. Ulitakiwa wavu wa chuma, na wavu haukuwepo. Léontine alitoka mbio na soksi yake moja, na walichosikia baadaye ni mlio wa kibanda cha sungura kinavunjwa. Alirudi na wavu mkubwa begani, na nyuma yake sungura wote wakitawanyika kuelekea kwenye kabeji za padri. Alois alikata, akakunja, akafunga mbele ya kila tundu la gari la pili. Gari la kwanza wavu haukulitosha.

Kiwanjani, hivyo ndivyo ilivyosimuliwa, mkaguzi mmoja aliugusa ule wavu, akanusa vidole vyake, akauliza, "Nyie mmekuja kushindana au kukaanga?" Kisha akatafuta kwenye kanuni mahali palipokataza, asipaone, akawaruhusu.

Léontine hakwenda kuangalia. Hajawahi kwenda. Wiki ya mbio yeye alibaki bandani, kati ya majeki na masanduku, akisikiliza redio, kwa sababu alisema kiwanjani mtu anaona gari likipita tu, lakini redio inaliona kila mahali. Jioni ile ile gari la kwanza lilivunja gia, likatolewa. La pili, lile lililotobolewa na kushonwa, lilikaa nyuma ya magari matatu ya makampuni mengine makubwa, likawa halikaribii wala haliachwi. Jumapili baada ya misa Anselme aliingia na futi ya kupimia.

"Unapima nini?"

"Mlango tu, nione kama lori la chakula linapita."

"Mbio zinaisha saa kumi, Anselme. Usinipimie banda saa hizi."

"Napima tu, shemeji. Kupima si kuchukua." Lakini alipima polepole, na kila redio ilipotaja Kessler futi ilisimama.

Mchana lile joto likapasuka. Mvua ilishuka kwa kelele juu ya paa, na redioni mtangazaji akaanza kupandisha sauti. Kwenye kona karibu na Arnage magari yalikuwa yanateleza mpaka ukingoni na kurudi, kila moja likivuta mawe na kuyamwaga barabarani. Aliyekuwa anaongoza akaingia kwa mafundi wake, mvuke unatoka mbele: rejeta imetobolewa. Wa pili akaingia nyuma yake na ugonjwa uleule. Wa tatu hakufika hata kwa mafundi.

Anselme aliweka futi chini. "Na hao wa kwetu?"

"Kimya, wewe!"

"…Kessler inapita," ilisema redio. "Kessler inapita palepale, mawe yanaigonga, inaendelea. Mabibi na mabwana, mbele ya gari hili kuna kitu kama… ni wavu wa kuku?"

"Wa sungura!" Léontine alipiga kelele. "Wa sungura, mpumbavu wewe!"

"Na mafuta yangu!" Anselme aliruka. "Mawe hayanati kwenye mafuta! Mwambie na mafuta! Nguruwe wa Vaubrun!" Na mtu ambaye siku nne kabla alitaka wenye viwanda waende zao alishika kichwa kwa mikono miwili, akatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine wa banda analolitaka, akiwasihi waongeze mwendo. Watu wakaanza kuingia kutoka kwenye mvua, Fulgence, mwenye duka la mikate, padri na shingo yake bado ina madoa, mpaka banda likajaa na redio haisikiki ila kwa waliokuwa mbele, ambao walirusha habari nyuma kwa kupiga kelele. Saa kumi ilipogonga, wa mbele hawakuhitaji kurusha chochote. Kengele za kanisa zilikuwa tayari zinalia. Padri alikuwa ametoroka kuzivuta kabla ya wakati.

Kessler ilikuwa imeshinda, na Léontine alilia waziwazi, akajifuta kwa tambara la grisi, akapaka uso mzima.

Halafu, mkurugenzi wa Kessler alipokuwa anapanda kuzungumza na waandishi wa habari, redio ikawaaga wasikilizaji wake na kwenda kwenye mbio za farasi.

"Jamani!" alisema Fulgence.

Furaha ikashuka. Watu walikumbuka alichosema Alois, na kila mmoja akatazama chini kwa wakati wake: hata tukishinda. Anselme aliokota futi yake, akaiviringisha taratibu, akaitia mfukoni bila kumtazama mtu. "Nisingeweka nguruwe hapa mwaka huu," alisema. "Mwaka huu hapana." Ilikuwa kauli ya huruma, na ndiyo iliyomuumiza Léontine kuliko vijembe vyake vyote.

Mvua ilikuwa imekatika na jua limerudi, la jioni, la upole, waliposikia kishindo kikitoka njia kuu. Walitoka wote. Gari lilikuja polepole mno, polepole ambayo Fulgence alikuwa ameiota, likikwepa mabaki ya lami, limejaa tope, wavu mbele umebonyea na kushika mawe kila tundu. Alois ndiye aliyeendesha. Kando yake, kwenye kile kiti cha abiria ambacho kanuni zinadai kiwepo na ambacho hakuna binadamu mzima aliyewahi kukikalia, Daktari Lindacher alikuwa amekunjwa, magoti masikioni, mashada ya ushindi yamemziba kifua.

Gari likasimama getini kwa Léontine. Ilichukua watu wawili kumchomoa yule mkurugenzi. Aliponyooka, suti ilikuwa imekwisha, na harufu ya mafuta ya nguruwe ilimtangulia. Hakutazama watu waliojazana. Alivuka barabara kuelekea kwa Léontine, lami ikimshika viatu kila hatua, akasimama mbele yake.

"Mama Lhuissier."

"Sema tu, daktari. Nimeshakaa tayari."

Lindacher aligeuka, akanyoosha kidole kuelekea kanisani, kule kwenye shimo lililofunguka upya, kubwa kuliko lilivyokuwa.

"Mwaka ujao," alisema, "hiyo barabara msiiguse."